Jogoo wa Mshenga

Tulikuwa wanne chumbani kwa daktari: daktari mwenyewe, ambaye ni mama mtu mzima mwenye miwani; mdogo wangu; mume wake, ambaye ni fundi wa kuchomea vyuma kule Katwe; na mimi, dada mkubwa, niliyeacha shule wazazi walipofariki ili nimlee huyo mdogo.

Nilikwenda kwa sababu simwamini mwanamume anayeleta ujumbe wa daktari unaomfaa yeye mwenyewe.

Mdogo wangu alikuwa amebakiza kiinitete kimoja, kimehifadhiwa kwenye baridi kali pale kliniki. Vya kwanza vilipandikizwa, havikushika. Hiki kikitoka, basi. Wiki ya kukipandikiza ilipokaribia nikamchukua kwangu Kasubi, akalala kitanda kimoja nami, kama bibi zetu walivyomlinda mke anayetarajia. Jioni mumewe akaja mlangoni ananukia sabuni. Eti daktari amesema wakutane kabla ya siku yenyewe.

"Mkutane wapi?"

"Dada, kukutana kwa mume na mke."

"Rudi Katwe."

Kesho yake akarudi na maneno yaleyale, na sabuni ileile.

Nilijua manii yake hayana mbegu. Zile zilizotengeneza viinitete zilitolewa kwa sindano kwenye korodani. Sasa maji matupu yanatakiwa kwa nini? Nikamwuliza daktari hivyohivyo, mbele yao. Mdogo wangu akajifunika uso kwa mtandio.

"Maji yale hayabebi mbegu tu, mama," daktari akasema. "Yana vitu vinavyouambia mwili wa mke: mgeni anayekuja, nusu yake ni ya mumeo, usimfukuze."

"Una hakika?"

"Sina. Wataalamu wengine wanaona yanasaidia, wengine hawaoni tofauti. Kwa hawa wawili sioni madhara, ndiyo maana nikawaambia wajaribu."

Shemeji akachangamka. "Unaona, dada? Maji hayo ndiyo mshenga. Hata mimi sikuingia kwenu bila kumtanguliza mshenga."

"Mshenga wako alimaliza jogoo wangu mzima, akasema hajashiba."

"Basi hiki kikishika, mchinjie mwingine."

"Kikishika, jogoo ni wako," nikasema, ili anyamaze.

Jioni ile nikamfungia mdogo wangu nguo zake, akaenda kwake. Kitanda changu kikawa kikubwa ghafla.

Kilishika. Alinipigia simu nikiwa sokoni, analia, nikakaa juu ya mkungu wa matoke wa mtu. Sijamaliza kumshukuru Mungu, mumewe akamnyang'anya simu.

"Dada, mshenga ana njaa."

Nikamwambia daktari mwenyewe hana hakika. Labda ni maji, labda ni dua zangu. Tena mimba si mtoto, nitalipa nikishampakata.

Siku hizi kila Ijumaa anapita kwangu, anasalimia, kisha anachungulia bandani. Jogoo yupo, mwekundu, ananenepa. Bado sijamkamata.