Njiti Niliyoifagia

Wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi kasha jipya la kompyuta lilinipa kidonda kabla sijaonja huo unyemi.

Kasha la zamani lilikuwa limeliwa na kutu, mjusi amehamia ndani, na mimi uchafu hunikosesha raha. Mume wangu alipoondoka asubuhi kwenda kiwandani kwake Zegereni, nilitandika mkeka sebuleni hapa Kibaha, nikachukua bisibisi, nikahamishia kila kitu kwenye kasha jipya. Kazi yenyewe si ngeni kwangu. Ofisini mashine ikigoma huniita mimi kabla ya kumwita fundi. Nilipuliza vumbi, nikafuta waya kwa kitambaa, nikafagia taka zilizodondoka, nikafunga. Muda wote naimba.

Nikawasha. Feni zikazunguka, taa ikawaka, halafu kwenye kioo yakatokea maandishi meupe yakisema hakuna diski.

Niliacha kuimba.

Ndani ya diski ile kulikuwa na kitu ambacho nyumba yetu haikuwa nacho mahali pengine popote: video ya siku binti wa mume wangu alipotolewa nje, ametimiza arobaini, kabebwa na mama yake mzazi. Mama huyo alifariki mtoto hajaanza hata kusema. Mimi niliolewa baadaye. Kila mwaka bibi mzaa mama hufunga safari kutoka Kisarawe, na kabla hajanywa hata maji huomba awekewe ile video amwone mwanawe. Siku zote tulisema tutaihamishia kwenye flashi. Siku zote kesho.

Na bibi alikuwa njiani. Ndiyo maana nilikazana na lile kasha, nilitaka akute kitu kisafi.

Hebu fikiria mwenyewe. Mke wa pili, mume hayupo, bisibisi mkononi, na video ya marehemu haionekani. Nani angeamini kwamba ni bahati mbaya? Mama wa kambo hata akichemsha maji, watu huchungulia sufuria.

Nikafungua tena. Deki ya CD ilikuwa inafunguka vizuri, kwa hiyo umeme ulikuwa unafika. Nikachomoa waya wake wa data nikauchomeka kwenye diski: hakuna. Nikabadilisha tundu kwenye bodi: hakuna. Nikachukua plagi ya umeme ya ile deki nikaijaribu kwenye diski, ikachezacheza kama jino bovu. Hapo ndipo nilipoona kwamba kipande cha plastiki kinachoishikilia plagi, kwenye diski yenyewe, kilikuwa kimemegeka siku nyingi. Nikaiminya plagi kwa kidole. Diski ikatetemeka, ikaanza kuzunguka. Nikaachia, ikanyamaza.

Sasa miaka yote ile ilikuwa imeshikwa na nini? Nikakumbuka zile taka. Katikati ya vumbi na mavi ya mjusi kulikuwa na njiti ya kiberiti iliyovunjwa nusu. Niliitazama, nikasema watu wengine wachafu jamani, nikaitupa shimoni. Na jikoni kwetu hakuna kiberiti, jiko la gesi tunawasha kwa kubonyeza. Nikazima kompyuta, nikainuka nikimbie dukani.

"Hodi humu!"

Mtoto akatoka mbio chumbani kwenda kumfungulia bibi yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Akatazama waya zilizotapakaa mkekani, akalitazama kasha la zamani likiwa tupu. Alilitambua. Akashusha mkoba wake taratibu. "Mwanangu yuko wapi?"

Hakuwa anamuulizia mume wangu, wala mtoto aliyemshika mkono.

"Yupo, mama. Kaa kwanza." Niliogopa kama mtu aliyefumaniwa, na sikuwa nimeiba kitu.

Nikapiga magoti nyuma ya kasha, nikaminya plagi kwa kidole gumba, nikamwambia mtoto awashe. Diski ikaanza kuzunguka. Tukasubiri, mtoto akaifungua video. Mara nikasikia vigelegele vya video, halafu bibi akishusha pumzi.

Nilikaa pale pale. Kidole kilikufa ganzi, sikuthubutu hata kukohoa. Kioo kilikuwa upande wao, sikuona kitu. Kusema kweli sikuwahi kuiona video ile. Kila ilipowekwa nilikwenda jikoni, nikijidai nawaachia nafasi. Ulikuwa wivu tu, wa kumwonea mtu aliyelala kaburini.

"Njoo nawe uone," bibi akaniita.

"Siwezi, mama. Nikiachia, inazima."

Akaja nyuma, akainama, akakitazama kidole changu. Nilimweleza habari ya njiti, yote, hata ile ya kuitupa. Nilidhani atakasirika. Akacheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Huyu mwanangu jamani! Kwetu redio kaitia kijiti, dirisha kijiti, mpaka kufuli la banda la kuku. Kumbe na huku kwa mumewe alikuja na vijiti vyake!"

Mimi siku zote nilidhani aliyeiunda ile kompyuta ni mume wangu.

Bibi akachomoa chelewa moja kwenye ufagio, akaivunja kwa meno, akaipenyeza pembeni ya kidole changu. "Haya, toa."

Nikatoa. Diski ikaendelea kuzunguka.

Akanishika mkono akanikalisha kati yake na mjukuu wake. Kwenye kioo mwanamke mwembamba alikuwa akimkinga mtoto jua kwa kiganja. Miaka yote nilikuwa nimejichorea mrembo wa kushindana naye. Huyu alikuwa amechoka, macho yamevimba kwa kukosa usingizi, na alikuwa mdogo kuliko mimi.

"Mama mdogo," mtoto akaniuliza, "kwani hujawahi kumwona?"

"Sijawahi."

Bibi akamgeukia mjukuu wake. "Basi rudisha mwanzo," akasema.