Mdomo Mkubwa Ulikuwa Nyumbani kwa Nyapara

Maziwa sinywi. Hapa Kihesa, Iringa, watu wananishangaa, mtu mzima ninakataa chai ya maziwa kwenye nyumba za watu, na wengine wanadhani ni tumbo. Si tumbo. Ni sharubu za mtu mmoja.

Kwenye gereji ya Mbeya nilikofanya kazi ya rangi miaka ile ya hamsini, sisi wapiga rangi tulikuwa tunaletewa maziwa kila asubuhi, kikombe kwa kila mtu, eti yasafishe kifua. Ukipuliza praima nyekundu, ile rangi ya kwanza ya chini, kutwa nzima, jioni ukikohoa unatema kitu kama udongo wa matofali. Maziwa yalikuja kila siku, siwezi kusema hayakuja. Yaliishia kwa nyapara wetu. Aliyanywa mbele yetu, polepole, utando ukabaki kwenye sharubu, halafu anachukua mdomo ulioziba wa bomba la kupulizia rangi, kile kichuma kidogo cha mbele, anautia kinywani mwake humohumo, anaufyonza, anatema mate mekundu karibu na miguu yetu, anatukabidhi. Mdomo ukiwa bado una joto la kinywa chake. Na sisi tunapokea kwa mikono miwili.

Jina lake silitaji, ana watoto wanaosoma. Kazi yake naitaja: nyapara wa rangi. Huyo ni wa kwanza. Wa pili ni mwenye gereji. Wa tatu mtamwona huko mbele. Hao ndio walioharibu mikono ya mwenzangu, kisha ikaandikwa kwamba kaiharibu mwenyewe kwa sigara.

Mimi shule yangu iliishia darasa la tatu. Rangi nilifundishwa na Kalasinga mmoja pale Iringa mjini, mtu mkali, asiyecheka, lakini aliyejua. Bomba la kupulizia rangi, lile lenye kikombe chini na kifyatulio cha kidole, watu wanaliona ni kitu kimoja. Alinifungulia mbele kule akanionyesha vitu vitatu: mdomo unaotokea rangi, sindano inayoziba mdomo huo, na kofia inayotoa upepo. Akasema hivyo vitatu vimezaliwa tumbo moja, usimpe huyu sindano ya yule. Kuna mdomo wenye tundu dogo, huo ni wa rangi ya juu, ile ya kung'aa. Kuna mdomo wenye tundu kubwa, huo ni wa praima, kwa sababu praima ni nzito, imejaa unga. Maneno yake ninayo mpaka leo: uji haupiti kwenye chujio la chai, na ukiuongezea maji upite, ujue umeshakuwa si uji.

Akanifundisha na kujaribu. Unachukua kipande cha bati kikuukuu, unafyatua mara moja tu, unatazama. Alama ikiwa ndefu na imejaa katikati, endelea. Ikiwa imejaa ncha mbili na katikati pako wazi, kama gunzi lililotafunwa kiunoni, basi praima yako ni maji au upepo wako ni mwingi, simama. Sikuwahi kuliona gari lake limebanduka rangi.

Nikahamia Mbeya kwa sababu ya ujana. Gereji ile ilikuwa na mabomba mawili, na midomo midogo ya kutosha, lakini seti ya mdomo mkubwa ilikuwa moja tu. Nyapara aliifungia kwenye droo, ufunguo shingoni mwake. Mwenzangu alikuwa Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mkono wake mwepesi kuliko wangu, na nasema hivyo bila wivu. Aliniita Kamwene, ile salamu yetu watu wa Iringa. Nikikosea kitu alisema, "Kamwene, pombe yenu ya ulanzi imekuingia kwenye macho." Sigara hakuvuta hata siku moja. Yeye alikuwa mtu wa ugoro. Kikopo kilikaa mfukoni, na kila tukimaliza upande mmoja wa gari alibana kidogo, anavuta, anapiga chafya tatu, ndipo kazi inaendelea. Gereji nzima ilizijua chafya zake. Naomba mlikumbuke hilo.

Asiyeijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba hatanielewa kuhusu jiko. Bati la gari asubuhi lilikuwa na umande kama limelala mtoni. Praima haishiki. Kwa hiyo desturi yetu ilikuwa kuingiza jiko la mkaa kwenye banda la rangi, bati lipate joto, halafu jiko linatoka kabisa, ndipo tunafungua kopo. Ukiwa na mdomo mkubwa unapiga mara mbili, nzito, imekwisha, inajikausha yenyewe kutwa. Jiko halirudi. Hiyo ndiyo ilikuwa salama yetu yote, hatukuwa na nyingine.

Siku ile lilikuwa basi la njia ya Iringa, ubavu mzima umenyooshwa na kupigwa msasa. Nikaenda kuomba seti kubwa. Nyapara akatafuta kwenye droo kama mtu anayetafuta kitu ambacho anajua hakipo, akaniambia imeharibika. Tupige na ule mdogo. Nikamwambia praima haitapita. Akacheka, akamwita mwenzangu aje amsikilize profesa wa Iringa. Kisha akaleta debe la petroli, akamimina mwenyewe kwenye kopo la praima, akakoroga, mpaka ikateleza kwenye kijiti kama chai.

Mwenzangu alifyatua kwenye bati kikuukuu. Gunzi lililotafunwa. Tulilitazama wote watatu. Mwenye gereji alikuwa anapita, nikamwonyesha na yeye, maana nilidhani mwenye mali atahurumia mali yake. Akauliza basi litatoka lini. Nyapara akajibu kesho. Akasema basi fanyeni litoke kesho, akaenda zake.

Tulipiga mara ya kwanza, bati linaonekana. Mara ya pili, linaonekana. Ya tatu ikaanza kuchuruzika, haikauki, na banda limejaa ukungu mwekundu, unaumeza. Nilitapika nje ya mlango kitu cha rangi ileile. Nyapara akaja akasimama kizingitini, kitambaa puani, akasema neno ambalo ndilo lenyewe.

"Rudisheni jiko. Mnangoja jua la huko bondeni Usangu?"

Mwenzangu, bomba mkononi, akanitazama. Nilijua anataka mimi ndiye nikatae, kwa sababu mimi ndiye niliyefundishwa. Sikukataa. Nililibeba jiko kwa mikono hii, likiwa limekolea, nikaliweka nyuma ya basi, nikatoka kwenda kuchukua makaa mengine. Hatua sita, labda saba. Haukulia mshindo. Ilisikika kama mtu mnene anavuta pumzi, na mlango wa banda ukawa wa njano.

Alitoka mwenyewe, akitembea, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayepokea mtoto. Mengine sitayaandika.

Siku ya nne akaja Mzungu wa bima, na daftari. Kabla hajafika, nyapara aliniweka kando, akaniambia mwenzio yuko hospitali, hajui hata ni siku gani, tukisema ni sigara yake haitamwongezea maumivu. Na gereji ikifungwa, wewe utakula wapi. Alikuwa ametoka kunywa maziwa. Utando ule pale.

Tulipangwa kwenye chumba cha nyapara. Droo ilikuwa wazi, na ndani yake, kwa mwanga wa dirisha, nikaiona seti ya mdomo mkubwa. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa imerudi. Na kwenye kofia yake kulikuwa na praima iliyokauka, ya kijivu. Gereji yetu haikuwa na praima ya kijivu hata kopo moja, sisi tulikuwa na nyekundu tu. Nikaelewa hapohapo. Alikuwa nayo nyumbani, anapigia magari ya watu wake, na siku sisi tunamimina petroli, mdomo mkubwa ulikuwa uani kwake.

Mwenye gereji ndiye aliyekuwa mkalimani. Akaniuliza, je, uliona mwenzako akiwasha sigara? Ilitosha niseme: yule ni mtu wa ugoro. Ilitosha ninyooshe kidole kwenye droo. Mzungu alikuwa amesimama karibu, kama nilivyo mimi na ukuta huu.

Nikasema, "Sikuona."

Wakaandika. Ile "sikuona" yangu, kwenye daftari lile, ikawa "aliwasha". Mwenzangu akafukuzwa kazi akiwa kitandani, kwa uzembe, bila hata ahsante, na gereji ikapata banda jipya kwa fedha za bima. Huyo wa tatu niliyewaahidi, mmeshamwona: ndiye aliyesema hakuona.

Mimi nilikaa pale wiki moja zaidi. Siku moja nyapara alinipa mdomo mdogo aliokwisha kuufyonza, nikautazama, una mate, nikauweka chini, nikatoka na nguo nilizovaa.

Nilimkuta mwenzangu huko Chimala, mwaka uliofuata, kwa dada yake aliyekuwa akiuza mchele. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya viganja, havifunguki. Alinikaribisha. Dada yake alinipa maji, hakunipa salamu. Tukazungumza habari za mvua, za mpunga, mpaka zikaisha. Kisha akaniuliza, taratibu tu, kama anauliza bei.

"Ulipoulizwa, ulisema nini?"

"Nilisema sikuona."

Akatikisa kichwa. Nikamweleza habari ya praima ya kijivu, haraka haraka, kama mtoto anayemsema mwenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kamwene, kuna kikopo hapo mfukoni kwangu. Nitolee."

Nikatoa. Akaniambia nibane kidogo, si hivyo, kidogo zaidi, nimpelekee puani. Nilipeleka. Pua yake ilikuwa na unyevu, na ngozi juu ya mdomo ilikuwa imekunjamana, laini mno, na kidole changu kiligusa huko kote. Kinyaa kilinipanda mpaka kooni, na hakikuwa kinyaa cha pua yake. Akavuta. Akapiga chafya tatu, zilezile, zikaniangukia mkononi na kwenye shati, nami sikujifuta.

"Haya," akamwambia dada yake, "umeona? Rafiki yangu wa Mbeya. Ndiye pekee aliyewahi kuniwashia sigara."

Dada yake hakucheka. Nilibana mara ya pili, nikapeleka tundu la upande mwingine.