Maji ya Paka wa Mama

Mtaani kwetu Ipuli wananijua kwa hasira, na sikatai. Nimeuza asali miaka ishirini na mitano. Ukikaa muda huo wote katikati ya watu wanaochemsha sukari na kukuapia kwamba ni asali ya porini, upole unakutoka wenyewe. Lakini mwaka niliomuuguza paka wa mama nilivuka mpaka. Niligombana na majirani, niligombana na jumuiya, nikagombana na mdogo wangu ambaye sijawahi kugombana naye tangu tuko wadogo. Na mpaka leo nikisimulia, sauti inanipanda.

Paka mwenyewe alikuwa jike, mweupe mwenye mabaka ya kahawia, sikio moja limechanika. Mama alimchukua akiwa mdogo ili alinde karanga zetu dhidi ya panya. Karanga alizilinda, lakini usiku wa kwanza tu alikwenda kulala miguuni pa baba, na baba hakumfukuza. Tangu hapo mama akawa anamwita mke mwenzangu. Wageni walicheka, mama hacheki. "Mke mwenzangu hajala," anasema, na mtu unaondoka kutafuta samaki. Baba akafa, paka akahamia kwa mama. Mama naye akafa, miaka miwili kabla ya haya ninayoyasimulia, na paka akabaki kwangu akiwa na umri wa miaka kumi na sita.

Mama alikufa kwa figo. Daktari wa hospitali alituambia tumechelewa kumleta, akalisema neno hilo huku anaandika, bila hata kuniangalia usoni. Nilitoka pale nikiwa nimefura. Niliwasimulia watu wote: madaktari wa siku hizi hawana utu, kazi yao ni kukulaumu. Kwa hiyo siku nilipoambiwa paka naye ana figo, nilijiapiza kwamba huyu hatakufa mikononi mwangu kwa kuchelewa wala kwa uzembe. Watu walidhani nimerukwa na akili kwa ajili ya paka, na sikuona sababu ya kuwaeleza.

Dalili zilianza na maji. Paka ambaye maisha yake yote alikunywa kidogo tu kwa adabu, alianza kunywa kama ng'ombe aliyetoka machungani. Alikunywa kwenye bakuli lake, akahamia kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, kisha nikamkuta ameinamia beseni la nguo nilizoloweka. Akakonda mgongo. Na akaanza kukojoa ovyo: kwenye mkeka, kwenye gunia tupu, mara moja ndani ya kiatu changu cha kanisani. Mdomo wake ulinuka harufu kali nisiyoijua.

Nilimtia kwenye kikapu, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Mzaramo yule, amezoea ng'ombe na mbuzi wa Nzega huko, na foleni yake siku ile ilikuwa ya watu wenye kuku. Aliponiona alicheka mpaka akashika meza.

"Wanyamwezi bwana," alisema. "Babu zenu walipita kwetu wamebeba pembe za ndovu. Leo mmebakiza paka."

Angekuwa mtu mwingine, ningemjibu jibu la kumkalisha. Lakini Mzaramo ni mtani wetu. Utani huo ulitoka kwenye njia ile ile ya mizigo, babu zetu wakishuka pwani na kurudi, wakilala kwao, wakila kwao, wakizikana njiani. Mtani akikutukana hukasiriki, hata kama moyo unachemka. Nikamwambia babu zake walikuwa wanauza maji ya kunywa kwa wasafiri na ndiyo maana yeye mpaka leo ana roho ya kichuuzi. Akafurahi sana. Kisha akavaa glavu, akamshika paka vizuri kuliko nilivyotegemea.

Alichukua damu, akaipeleka maabara, na baada ya siku chache akaniita. Figo zimechoka, alisema, na hazitarudi. Kinachowezekana ni kumpunguzia mateso na kumsogeza mbele kidogo. Asiguse chumvi, maana yake dagaa wetu wa Kigoma waliokaushwa kwa chumvi marufuku. Apate samaki wabichi waliochemshwa au ute wa yai. Kila baada ya siku moja nimpe dripu chini ya ngozi, kati ya mabega. Na juu ya yote, maji yasikosekane hata saa moja.

Nilimuuliza kama maji mengi hivyo si ndiyo yanayomfanya akojoe. Akatikisa kichwa. Alinieleza kwamba figo zilizochoka haziwezi kuyashika maji, yanapita tu. Paka anakunywa kwa kuwa amekojoa, si kwamba anakojoa kwa kuwa amekunywa. Ukimkatia maji utakuwa umemkausha kutoka ndani. Niliitikia, nikarudi nyumbani na chupa za dripu kwenye kikapu pamoja na paka.

Kumchoma sindano nilijifunza kwa kukosea. Unavuta ngozi juu, inakaa kama hema dogo, unaingiza sindano chini yake, chupa umeitundika kwenye msumari wa kalenda. Maji yanaingia, uvimbe unatokea begani halafu unashuka taratibu. Mara ya kwanza nilitoboa ngozi upande wa pili, maji yakanimwagikia mapajani, na paka akanitazama kwa dharau. Wiki ya pili tayari tulikuwa tumezoeana. Nilimweka kwenye khanga ya mama, akatulia, akala samaki wake baadaye na kulamba masharubu. Alianza kurudi juu ya ukuta wa uani, mahali ambapo hakupanda kwa miezi.

Basi ikaja zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwangu. Nilikuwa nimepiga deki tangu asubuhi, lakini mkojo wa paka mgonjwa hauna heshima kwa Bikira Maria. Rozari ikaenda huku wamama wanaziba pua kwa vitambaa. Baada ya sala, mmoja wao alinivuta pembeni kwa upole kabisa. Akanishauri nimtie paka kwenye kiroba, nimpe dereva wa lori la mahindi, amshushe mbele ya safari, Igunga huko, kama wanavyofanya watu wote. Paka mzee hajui njia ya kurudi, alisema.

Nilimjibu kwa sauti ambayo wote waliisikia. Nikasema kama ni kuwatia kwenye viroba wanaokojoa ovyo, tuanze na mume wake, ambaye kila Jumamosi akitoka kilabuni anasimama kwenye ukuta wangu bila haya. Chai haikunyweka. Walitoka mmoja mmoja, na zamu ya jumuiya haikurudi kwangu mwaka ule. Nilifurahi kwa siku mbili, halafu nikabaki na hasira bila mtu wa kumgombeza.

Msimu wa asali ulipofika ilinibidi niende Igalula siku tatu. Warina asali wanaileta pale karibu na stesheni, na usipokuwepo mwenyewe kuionja, utaletewa asali iliyojaa masizi. Nikamwita mdogo wangu kutoka Ntalikwa aje kukaa na paka. Yeye ni mkulima, ana miaka hamsini, mpole kupita kiasi. Alikuja na mfuko wa michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na khanga moja ya kubadilisha. Nilimpa dripu paka mwenyewe asubuhi ile, nikamwonyesha mdogo wangu samaki, nikamwonyesha mabakuli matatu ya maji, la jikoni, la sebuleni na la uani. Nikamwambia samaki asiwe na chumvi. Nilikuwa nawahi treni, nikatoa amri kama ninavyotoa siku zote, bila kueleza chochote.

Niliporudi siku ya tatu jioni, kitu cha kwanza nilichokiona ni sakafu. Iling'aa. Nyumba ilinuka sabuni. Mikeka ilikuwa imefuliwa na kuanikwa, na mdogo wangu alisimama mlangoni anatabasamu, akanipokea ndoo ya asali. Akaniambia nyumba imekauka, haijaloa tangu jana. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kichanja cha vyombo. Mabakuli matatu yalikuwa pale, safi, yamepinduliwa chini juu.

Nilimkuta paka uani chini ya bomba, amelala kwa ubavu kwenye saruji. Bomba lilikuwa limefungwa vizuri. Alikuwa analamba saruji penye unyevunyevu, anapumzika, analamba tena. Nilipomvuta ngozi ya mgongo, ilibaki imesimama kwa kukosa maji.

Yale niliyomwambia mdogo wangu siyaandiki yote. Nilimwita mjinga, nikamwita muuaji. Nilimwambia hata mnyama anajua mgonjwa hanyimwi maji, kwamba shamba limemla akili, kwamba mama angekuwa hai angemlaani. Majirani walisimama kwenye uzio wao wakisikiliza, nami sikujali. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ameikunja ndani ya khanga. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ile ya siku zote:

"Maji nilikuwa nampa asubuhi, dada. Saa kumi naondoa. Ndivyo ulivyonielekeza kwa mama."

Niliingia ndani kuchukua chupa ya dripu. Mdogo wangu akaja, akamshika paka, na sindano nikaichoma mara tatu ndipo ikaingia. Mtani wangu daktari alipofika jioni ile hakutania. Alimpima, akasema tumeshapoteza tulichokuwa tumekipata, tuendelee tu ili asiumie.

Ni kweli nilimwelekeza. Katika mwaka wake wa mwisho mama alikuwa analowesha godoro kila usiku, nasi tulikuwa tunalibeba uani kila asubuhi, mimi na mdogo wangu, na majirani wanaona. Kwetu kila mtu anajua dawa yake: mtoto anayekojoa kitandani anaondolewa maji mapema, na mzee akirudi utotoni anafanyiwa vivyo hivyo. Niliweka sheria. Ikifika saa kumi jioni, jagi linatoka chumbani kwa mama mpaka asubuhi. Siku nisipokuwepo, mdogo wangu alilitoa yeye. Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Kuna siku moja tu, jua bado kali dirishani, aliniona nimeshika jagi akasema, "Niachie japo funda moja, mwanangu." Nikamwambia atakunywa kesho. Nikatoka nalo.

Presha mama alikuwa nayo tangu zamani, na figo zake huenda zingechoka tu hata angeoga kwa maji ya kunywa. Daktari wa mifugo aliniambia hivyo nilipomuuliza kwa kuzunguka. Sijui. Nijualo ni kwamba alipokuwa ananieleza habari za paka, kila neno lilikuwa la mama, nami nikalisikia la paka peke yake. Nilikasirika. Nilimkasirikia mdogo wangu kwa kunikumbusha, nikamkasirikia mama kwa kuomba mara moja tu badala ya kupiga kelele, nikajikasirikia mwenyewe kwa namna ambayo hakuna wa kumfokea.

Mabakuli niliyarudisha, nikaongeza mawili. Paka aliishi siku nane. Siku ya nane mchana alikunywa kwenye beseni, akaweka kidevu chake ukingoni kama anayefikiri, na hakukiinua tena.

Mdogo wangu alikuwa bado hajarudi Ntalikwa. Alichimba shimo nyuma ya nyumba, kwa jembe, haraka, kama mtu aliyelizoea. Tulimfunga paka kwenye khanga ya mama. Pale shimoni nikaona nikimeza na hili litaniua. Nikamwambia kwamba siku ile hospitali, kabla daktari hajasema tumechelewa, aliniuliza mama anakunywa maji kiasi gani kwa siku, nami nikamjibu, "Mengi, daktari. Anakunywa muda wote." Nilisema hivyo nikimtazama machoni.

Mdogo wangu alivuta udongo wa mwisho kwa jembe, akaukanyaga kwa mguu ili mbwa wasifukue.

"Najua, dada," alisema. "Nilikuwa nimesimama nyuma yako."