Bakshishi ya Mama Mkwe

Pale mgahawani wenzake walimwita Mheshimiwa. Si kwamba aliheshimiwa sana. Ni kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuketi kwenye meza yake akaondoka bila kuitwa mheshimiwa, hata kama ameagiza maji tu. Alijua kuinama kwa kipimo: ukiinama kidogo mteja anaona una kiburi, ukizidisha anashika mfuko akidhani unataka kumwibia. Kulikuwa na mkandarasi mmoja aliyekuja kila Ijumaa na kichekesho kilekile cha fundi aliyejenga nyumba akasahau mlango, na kila Ijumaa Mheshimiwa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Machozi yale yalikuwa na bei yake, na mkandarasi aliilipa bila kuguna.

Usimcheke. Mshahara wake ulikuwa wa jina tu, na mtu hali jina. Bakshishi ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba na kuwavisha watoto. Lakini mimi niliyemjua nakuambia, bakshishi iliyomnogea kuliko zote si ile aliyoipokea. Ni ile aliyoitoa yeye.

Mama mkwe wake alifanya kazi mgahawani humohumo, jikoni, akiosha masufuria na sahani. Zamani alikuwa na duka la vitambaa na sauti ya mwenye duka, na kijana huyu alipokwenda kuposa aliambiwa waziwazi kwamba binti wa mle ndani hakulelewa ili aje kuolewa na mhudumu wa mgahawa. Kipendacho roho hula nyama mbichi. Binti akaolewa hivyohivyo. Baadaye duka likafa, baba mkwe naye akafa, na aliyemtafutia mama kazi alikuwa nani? Mhudumu wa mgahawa. Tangu hapo kila jioni, baada ya kufunga, Mheshimiwa alipita mlango wa nyuma, akatoa noti zilizokunjamana, akampa mama mkwe kwa mikono miwili. Mama akapokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie. Kama si wewe, mimi leo ningekuwa wapi?"

Maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiyafanyia kazi. Alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyepandishwa cheo, na mkewe, akimwona tu anavyovua viatu, alijua kwamba leo mama ameshukuru.

Basi siku moja mwenye mgahawa, mwanamke asiyependa mabishano ila yale anayoyaanzisha mwenyewe, akawatangazia kwamba bakshishi basi. Bei ya chakula itapanda, na mishahara itapanda zaidi, kuanzia anayepokea wageni hadi anayeosha masufuria. Atakayekutwa na pesa ya mteja ajihesabu hana kazi, na wakizidi kukutwa, utaratibu wote unafutwa, wanarudi kulekule walikotoka.

Kila meza ikawekewa kibao: *Hapa hatupokei bakshishi. Wafanyakazi wetu wanalipwa inavyostahili.* Wateja wakasoma, wakaulizana, kumbe siku zote hizi walikuwa hawalipwi? Wengine walikasirika kabisa, maana kuna watu ukiwanyima nafasi ya kutoa wanajiona wamenyang'anywa. Mkandarasi alisimulia kichekesho chake, Mheshimiwa akatabasamu kwa adabu, na mkandarasi akamwuliza kama anaumwa.

Jikoni ilikuwa shangwe. Siku ya mshahara mpya mama mkwe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaukumbatia mkoba wake, akalia. Jioni hakusubiri mlangoni. Alimpita mkwewe akimpungia mkono kama mfanyakazi anavyomuaga mwenzake.

"Haya, baba. Kesho."

Kesho! Mheshimiwa alibaki amesimama. Mwezi ule alikuwa amepata zaidi hata ya miezi ya neema, na bado aliumia kama aliyeibiwa. Nyumbani hakugusa chakula.

"Sasa una nini?" mkewe akamwuliza. "Si mmeongezewa?"

"Mama hajaniambia kitu."

"Akwambie nini?"

Jibu alikuwa nalo, ila halikuwa jibu la kumpa mke.

Ndipo akapata wazo, na mawazo ya mtu aliyejeruhiwa cheo huwa hayakosi gharama. Alichukua noti za mshahara wake mwenyewe, mpya, zilizonyooka, akazifinyanga kiganjani mpaka zikalegea na kuchoka kama zilizotoka chini ya sahani. Kesho yake jioni akamsubiri mama mkwe mlango wa nyuma.

"Mama, kuna hiki kidogo."

Mama akazitazama noti, akamtazama yeye, akatazama huku na huku. Akazipokea upesi. "Ahsante," akasema, akaenda zake. Hakuna Mungu, hakuna kuzidishiwa. Mheshimiwa akaona labda kimekuwa kidogo mno, na jioni iliyofuata akaongeza.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Asubuhi yake, kabla mgahawa haujafunguliwa, aliitwa ofisini. Mwenye mgahawa alikuwa ameketi, mama mkwe amesimama, na noti ziko mezani vilevile zilivyokunjamana.

"Nisamehe, baba," mama mkwe akasema. "Unachukua za wateja. Juzi nilinyamaza. Jana umeniletea nyingi zaidi. Ukiendelea wengine wataiga, tunarudishwa wote, na mimi siwezi kurudi kule. Siwezi."

"Ni kweli?" mwenye mgahawa akauliza.

Akikubali, kazi hana. Akikataa, itabidi aseme ukweli. Alilipima jambo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye watoto.

"Ni za mshahara wangu," akasema mwishowe.

"Mbona ziko hivi?"

"Nimezikunja mimi. Zifanane na za zamani." Akamgeukia mama mkwe, macho chini. "Nilitaka unishukuru, mama."

Mwenye mgahawa alikohoa, akasema anakwenda kutazama stoo, akatoka. Wakabaki wawili.

"Yule mkandarasi wako," mama mkwe akasema, "kile kichekesho chake kilikuchekesha?"

"Hata siku moja."

"Basi."

Mheshimiwa akaketi bila kukaribishwa. "Yaani miaka yote hiyo, mama, hukumaanisha?"

"Sijui. Nilikuwa na shida ya kesho, baba. Mwenye shida hana nafasi ya kujua anamaanisha nini." Akazichukua zile noti, akazinyoosha mojamoja kwenye ukingo wa meza, akamwekea mkononi. "Shika hela zako. Sasa nina zangu, kwa hiyo nikisema neno, nalisema kwa kutaka. Unasikia?"

"Nasikia."

"Sahani unaniletea na mifupa na mabaki yote, hukwangui hata moja. Umenichosha mgongo. Halafu unaongea mno." Akavuta pumzi. "Na binti yangu anakaa vizuri kwako. Nimekuwa nikiangalia, na ninafurahi. Haya, inuka, meza hazijapangwa."

Aliinuka. Asubuhi ile alipanga uma upande wa visu kwenye meza zote, na wenzake walipomwuliza kulikoni, akasema mama mkwe wake amemgombeza vibaya sana. Walimpa pole, na hawakuelewa kwa nini anaipokea huku anaimba.