Chai ya Maua ya Himalaya

Kisa hiki hata mume wangu sijapata kumwambia. Mwaka wa sitini na saba, hapa Maskati, nilikuwa mpishi wa mzungu mmoja aliyewahi kukaa kwetu Unguja, kwa hivyo tukisikilizana kwa Kiswahili. Alirudi kutoka milima ya Himalaya akikohoa, na maua makavu ya rangi ya zambarau, yaitwayo primula, ameyapanga ndani ya magazeti.

"Ya nini haya, bwana?" nikamuuliza.

Akajishika kifua. "Zuwena, haya ndiyo maisha yangu."

Basi mie, mjuzi wa kila kitu, nikajua ni dawa ya kifua. Asubuhi yake kikohozi kikamzidi. Nikamwonea huruma, nikayachemsha kwa tangawizi na asali. Akanywa kikombe, akaomba cha pili. Kikohozi kikatulia, na mie kichwa kikanivimba.

"Chai nzuri hii. Umetia nini?"

"Ile dawa yako ya kifua, bwana. Yale maua ya kwenye magazeti."

Akaweka kikombe chini taratibu. "Miezi minne nimepanda milima kuyachuma kwa utafiti wangu wa mimea," akasema. "Umetia mangapi?"

"Nilitaka upone upesi, bwana," nikamjibu. "Nimetia yote."