Jiko Ambalo Chenye Macho Hakiingii

Jiko la Vestina liko nyuma ya nyumba yake pale Kitanga, na mgeni akiingia mara ya kwanza hudhani ameingia ghalani. Maharage mekundu yako kwenye gunia, ya njano kwenye ndoo yenye kifuniko. Kuna karanga ndani ya maganda yake, unga wa muhogo, dumu la mawese, chumvi, tangawizi. Juu ya moshi, kwenye fito, uyoga wa porini unaning'inia kwenye kamba kama shanga. Nyuma ya mlango, miche ya nyanya chungu na lengalenga, mchicha wa huku. Ndani ya jiko hilo hakuna nyama, hakuna samaki, wala hata kichwa cha dagaa.

Watu walisema ni dini. Wengine walisema ni ubahili. Jirani yake Tunu alikuwa na lake: "Yule hata inzi akitumbukia kwenye mboga, mboga inamwagwa na inzi anaombewa!"

Vestina alicheka nao, hakueleza.

Mwaka wa sabini na mbili, Vestina akiwa msichana mdogo wa kubebeshwa kibuyu tu, mama yake aliingia mto Malagarasi na watoto wawili akitoka Burundi, akatokea upande huu na mmoja. Niyongabo, mdogo wake Vestina, alichukuliwa na maji. Mama aliketi ukingoni akakataa kuondoka. Wavuvi wa upande huu, watu wema, wakawaletea wakimbizi kambare wa kuchoma. Mama alimtazama yule kambare, na kambare akamtazama yeye.

"Huyu amemwona mwanangu," alisema, "na amenyamaza."

Ndipo ikawa sheria: chenye macho hakiingii jikoni mwao. "Na siku mtakayokula," alimwambia Vestina, "mdogo wako atakuja mwenyewe kuuliza kwa nini."

Mama alikufa, sheria ikabaki. Vestina aliolewa na Ndayiragije, mtu mpole aliyekula nyama yake huko gulioni na kusukutua mdomo kabla ya kuingia uani. Walipata shamba, wakapata uraia, wakapata mtoto mmoja, Marselino. Ndayiragije naye akatangulia. Jiko likaendelea vilevile.

Vestina alililinda kwa pua. Sokoni kopo lililopima dagaa asubuhi hupima karanga mchana, na chumvi hukaa jirani na samaki wakavu siku nzima. Kwa hiyo alinusa kila kitu: kopo, gunia, kiganja cha muuzaji. Wauzaji walimzoea. Na jioni nyingine, akiwa peke yake anachochea moto, pua ilimletea kitu ambacho hakikununuliwa na mtu. Harufu ya matope ya mtoni na nguo za mtoto zilizolowa. Ilikuja, ikakaa kidogo karibu na mlango, ikaondoka. Hakuwahi kuigeukia. Alisema tu kimoyomoyo, jiko ni safi, mdogo wangu, pumzika.

Masika iliyopita alishikwa na homa kali. Alipopona, pua ilikuwa imekufa. Moshi, kitunguu, sabuni, vyote vilikuwa hewa tu. Hakumwambia mtu. Aliendelea kunusa makopo sokoni kwa kujifanya, na jioni alikaa mlangoni akivuta pumzi ndefu bila kupata chochote. Hakujua tena kama Niyongabo anakuja au haji.

Wakati huo Marselino, dereva wa lori, alikuwa ameoa. Mkewe Akimana alitoka Manyovu, binti mcheshi aliyelelewa kwa dagaa, na sasa alikuwa mjamzito. Sheria aliambiwa siku ya kwanza, sababu hakuambiwa.

"Na yai je, mama? Yai halina macho."

"Linayasubiri."

"Haya. Na kunde? Kunde zina jicho jeusi kabisa."

"Akimana, usinichekeshe, nina ugali motoni."

Binti alitii. Lakini usiku aliota dagaa, na asubuhi alimsimulia mama mkwe ndoto hiyo bila aibu, mpaka rangi ya mafuta yake.

Siku moja kinu cha Vestina kilipasuka. Akaazima cha Tunu ili atwange karanga za kutia kwenye sombe.

"Nusa, nusa kabisa," Tunu alimtania. "Mbwa wa polisi amekuja!"

Vestina akainamisha uso ndani ya kinu, akavuta pumzi, akainua kichwa. "Ni safi," alisema. Akakibeba.

Sombe ilipikwa vizuri, majani ya muhogo yakalainika, mawese yakapanda juu. Vestina alikula sahani yake akaongeza. Akimana alikula kimya, jambo lisilo la kawaida kwake, kisha akalamba vidole na machozi yakamlengalenga.

"Asante, mama."

"Ya nini?"

"Ya dagaa. Nilijua utanihurumia. Umewasaga laini, lakini harufu haifichiki."

Vestina aliweka sahani chini taratibu, kama mtu anayeweka kitu kilicholala.

"Harufu gani?"

"Ya dagaa, mama. Nyumba nzima inanukia." Akimana akamtazama. Tabasamu likatoweka usoni mwake. "Mama... wewe huisikii?"

Hapo ndipo Vestina alipomweleza yote, la pua, la kinu cha Tunu na la mto. Jina la Niyongabo lilikuwa halijatamkwa katika nyumba ile tangu ijengwe. Akimana alijaribu kwenda kutapika, Vestina akamzuia: "Wewe hukukatazwa na mama yangu. Aliyekatazwa ni mimi."

Kisha alisugua sufuria kwa majivu, akavuta kigoda mlangoni na kuketi. Alisubiri. Jua lilizama, kuku wakapanda bandani, moto ukafa. Akimana aliketi nyuma yake akinusa kwa niaba yake, kila alipoulizwa.

"Sasa?"

"Moshi, mama."

"Na sasa?"

"Majivu tu."

Miaka yote Vestina alidhani anaogopa Niyongabo asije kuuliza. Pale mlangoni alielewa kwamba hofu yake ilikuwa nyingine. Alikuwa amekula, na hakuna aliyekuja. Labda mtoto alikuwa hajui njia. Alipotea kabla hawajafika popote. Nani angemwambia dada yake anaishi wapi?

Siku ya soko walikwenda Kasulu kujaza jiko upya. Akimana alitangulia akinusa makopo, Vestina nyuma na kikapu. Walinunua karanga, chumvi, maharage. Walipofika kwenye meza ya Swaumu, muuza dagaa, Vestina, ambaye siku zote hapo alipita akitazama upande wa pili, alisimama. Dagaa wa Kigoma, lundo zima, na kila mmoja na jicho lake. Malagarasi humwaga maji yake katika ziwa lao.

Akawainamia. "Mlimwona?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Karibu, bibi!" Swaumu akadaka kopo. "Wa jana hawa, hawana mchanga. Nikupimie?"

Akimana alitazama pembeni, akameza mate.

"Mpimie huyu," Vestina alisema. "Atapikia nje, kwenye sufuria yake."

Njiani kurudi, Akimana alibeba fungu lake amelifunika kwa ncha ya kanga, kwa heshima. Walipokaribia uani Vestina aligeuka.

"Umewafunika?"

"Ndiyo, mama. Wasikutazame."

"Wafunue."

Akimana akasita, kisha akaiondoa kanga. Vestina akaufungua mlango wa jiko mpaka mwisho, akasogea kando.

"Waone nyumba ilipo," alisema. "Kama walimwona, wamwambie."