Nati ya Mlango wa Mwalimu

Mwezi uliopita fundi wa mabomba alikuwa amejikunja chini ya sinki yangu, nikasikia nati ikimponyoka. Iligonga bomba mara moja, kling, kisha ikatumbukia nyuma ya kabati. "Wacha tu, mama, niko na ingine," akasema. Nilimkaripia kama mtu aliyetaka kuniibia. Nikamwambia aitoe, hata kama ni kuvunja kabati. Akaitoa huku akiniangalia kwa pembeni, nami nikaenda chumbani nikakaa kitandani, kwa sababu mlio ule naujua. Niliusikia nikiwa darasa la tano, mkono wangu ukiwa ndani ya gari kuukuu aina ya Pijo, na mpaka leo sina amani nao.

Baba yangu alikuwa fundi wa bodi za magari mjini Nyeri, miaka ile ya tisini. Gereji yake ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo za mkaratusi, na sakafu ya udongo ulionyweshwa oili hadi ukawa mweusi. Watu walimletea magari ya kizamani, yale ambayo vipuri vyake haviuzwi tena. Magari hayo yana ugonjwa mmoja, nao ni kutu. Bawaba za mlango hufungwa kwa bolti zinazoshikwa na nati zilizofichwa ndani ya nguzo ya mlango, mahali jicho halifiki. Nati hizo zikilika meno, bolti huzunguka bure na mlango huning'inia. Dawa ya baba ilikuwa kung'oa madigadi, lile bati linalofunika gurudumu, kutafuta tundu lililo nyuma yake, na kupitisha nati mpya kwa ndani ili ikae nyuma ya ile iliyolika. Shida ni kwamba tundu lenyewe halikuruhusu mkono wa mtu mzima. Wangu uliingia.

Mimi ni binti wa kwanza, na kwa desturi yetu sisi Wakikuyu nilipewa jina la mama yake baba, Nyaguthii. Kwa hiyo baba hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Maitu, yaani mama. Nikikosea nyumbani, aliyeshika mwiko ni mama mzazi. Baba aliangalia kando akisema, "Mimi siwezi bishana na mama yangu," na wageni wakacheka. Mafundi wenzake walimtania ati ameshindwa kuandika mwanaume kazi. Akawajibu, "Huyu mkono yake iko na macho." Basi mimi nikalewa sifa, nikatembea gerejini kama mwenye mali.

Pijo hiyo ilikuwa ya Mwalimu mmoja mstaafu tuliyesali naye kanisa moja. Alitaka kumpeleka mkewe Nanyuki kumwona mjukuu aliyezaliwa, na mlango wa upande wa mkewe ulikuwa umelegea. Ilikuwa likizo ya Aprili, mvua haikatiki. Baba alihangaika na madigadi asubuhi nzima, akizimwagia bolti zake dizeli na oili ya breki, zikakatika moja baada ya nyingine huku akizisema kwa Kikuyu maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Mchana ndipo zamu yangu ikafika. Alinibandikia nati kwenye ncha ya kidole kwa grisi, akaniambia, "Pole pole, Maitu."

Ndani ya nguzo mlikuwa na baridi na matope, na kingo za bati zilinikwaruza hadi kiwiko. Nati ya kwanza ilishika. Ya pili nilikuwa nimeifikisha pale pale, ikaniponyoka. Kling. Baba hakusikia, maana mvua ilikuwa ikipiga mabati juu yetu.

"Imeshika?" akauliza.

Nilijua sheria ya gereji: ukiangusha kitu, sema kabla hujakiokota. Lakini nilikuwa mkono wenye macho, na mafundi wawili walikuwa wamesimama wakitazama.

"Imeshika, Baba."

Akazungusha bolti kwa spana. Ikauma meno machache yaliyobaki kwenye nati ya zamani, ikasimama. Baba akatulia kidogo. "Imekaza haraka," akasema, akaniangalia. Mimi nikaangalia mikwaruzo yangu. Akarudisha madigadi.

Siku ya tatu, wakiwa njiani kwenda Nanyuki, kwenye kona moja kabla ya Naro Moru, bawaba iliachia, mlango ukafunguka na mke wa Mwalimu akaanguka barabarani. Alivunjika nyonga. Hakutembea tena bila gongo, na kila Jumapili nililisikia likigonga sakafu ya kanisa, nikainama kama ninayeomba. Sikuwa naomba. Nilikuwa naogopa.

Baba alinichukua twende kwa Mwalimu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mwalimu, kosa ni yangu." Wateja walianza kupita gereji yetu bila kusimama. Gari ilipokokotwa kurudi gerejini, baba alinituma nyumbani nikamletee uji, akafungua madigadi peke yake. Niliporudi alikuwa ananawa mikono. "Maitu," akasema, "mkono yako imekua. Haitaingia tena huko." Niliutazama mkono wangu, mwembamba vile vile kama mti wa mwiko, nikafurahi. Nilidhani nimeponea. Kuanzia hapo, kila Jumamosi alikwenda kumpasulia mke wa Mwalimu kuni, hadi mwaka baba alipofariki.

Nilipokuwa mtu mzima nilielewa kwamba siku ile ya uji aliikuta nati, mpya, na grisi yake, chini ndani ya nguzo ya mlango, na akanifichia aibu. Niliishi na maelezo hayo miaka mingi, na yalinifariji, kwa sababu yalimfanya kuwa baba aliyejitwika uongo wa mtoto. Lakini siku ile ya sinki, nikiwa nimekaa kitandani, nilikumbuka jinsi alivyotulia na spana mkononi. Fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini alijua bolti ile imekaza mapema mno. Alishuku, akashindwa kumuuliza mama yake mara ya pili. Alipomwambia Mwalimu kosa ni lake, hakuwa ananifunika. Alikuwa anaungama. Kosa lilitutosha wawili, naye alilibeba peke yake, na mimi nilimwacha alibebe hadi kaburini.

Mke wa Mwalimu bado yu hai. Tukikutana nje ya kanisa huegemea gongo lake, hunishika mkono, huu huu wa kulia, na kuniambia, "Wewe ni msichana wa ule mzee mzuri."

Nami humjibu, "Ndiyo, Cucu," yaani nyanya, kisha namsaidia kushuka ngazi.